Oyniso, Mfungua Nyuso

Nimeishi ukuta mmoja na Oyniso tangu nilipoolewa, na sijawahi kumpenda. Nasema mapema ili anayesoma ajue habari hizi anazipata kwa nani. Ukuta wenyewe ni wa udongo, umebomoka upande wa mti wa tufaha, na kupitia hapo nimeona mengi ambayo yeye angependa nisiyaone.

Kazi yake ilikuwa kufungua nyuso za mabibi harusi. Katika mji wetu wa Istaravshan msichana haguswi uso mpaka siku ya ndoa. Nyusi zikikutana katikati, ziache zikutane, ndio uzuri. Vinyweleo vya mashavuni na vya juu ya mdomo hukaa palepale vikingoja. Asubuhi ya harusi wanawake wa pande zote mbili hukaa duara, bibi harusi akakalishwa katikati kwenye godoro jipya, na mfungua uso akasokota uzi wa pamba, ncha moja akiibana kwa meno, akaupitisha shavuni. Kisha huuinua mbele ya dirisha kila mtu auone ulivyojaa vinyweleo, na kusema, "Haujaguswa." Hapo peremende hurushwa na mama wa binti huanza kulia. Uzi ukitoka mtupu, maana yake uso umekwisha kufunguliwa, na uso uliokwisha kufunguliwa ni wa mwanamke aliyewahi kuolewa, au wa mbaya zaidi ya huyo. Ndivyo tunavyofikiri huku, watu wazima na akili zetu.

Basi neno hilo moja ndilo lililomlisha Oyniso. Kazi aliirithi kwa mama mkwe wake, pamoja na majivuno. Mumewe alikwenda Urusi kujenga maghorofa ya watu, akapata huko mke mwingine, hakurudi tena. Mwingine angepunguza mdomo. Yeye ndio kwanza aliuongeza. Alipita mtaani na kifuko chake cha nyuzi, akiwatazama wasichana usoni kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Wewe, binti wa Saodat," angesema, "hebu sogea hapa penye mwanga."

Na binti wa Saodat, aliyemaliza shule na kujua hesabu ambazo Oyniso hazijui hata kwa jina, alisogea penye mwanga. Mama yake alisimama pembeni akitabasamu kwa woga. Niliwadharau wote watatu kwa mpigo mmoja.

Kisha Khujand, mji mkubwa wa jirani, wakaleta leza, mashine ya mwanga ya kuchoma nywele. Haukupita mwaka, wasichana wote wa mji wetu wakaugua meno. Kila ukimuuliza mama mtu mnakwenda wapi, anakwambia, "Khujand, mwanangu jino linamsumbua." Wanarudi jioni, meno yako vilevile yalivyokuwa, lakini uso laini kama yai lililomenywa. Mashine ilichoma nywele nyeusi mpaka kwenye mzizi, na kilichobaki kilipitiwa na wembe. Oyniso alipiga kelele katika kila harusi. Akasema ule mwanga ni moto wa shetani, msichana anayelala kwenye kile kitanda amekwisha kujiuza. Wanawake walitikisa vichwa kukubali, nusu yao wakiwa na mabinti waliolala kwenye kitanda hichohicho juma lililopita.

Jambo la ajabu ni kwamba uzi wa Oyniso haukutoka mtupu. Binti aliyerudi Khujand hana kinyweleo hata kimoja, mimi mwenyewe nimemwona, siku ya harusi uzi ulipanda dirishani umejaa. "Haujaguswa." Nilijua kwamba usiku wa kuamkia harusi mama mtu hupita kwa Oyniso na kitambaa cha atlasi chini ya shali. Hilo halikunishangaza. Kilichonishinda ni vile vinyweleo vyenyewe, vinatoka wapi.

Nilipata jibu majira ya kuchipua, mbuzi wanapoanza kunyonyoka. Nilichungulia pale kwenye mti wa tufaha nikamwona amembana mbuzi wake jike kwa magoti, anamchana yale manyoya laini ya ndani, ya rangi ya kahawia, na kuyachambua mojamoja ndani ya kikopo cha ugoro.

"Jirani, unatengeneza soksi?" nikamuuliza.

"Soksi, ndiyo."

"Mbona manyoya kidogo hivyo?"

"Ni soksi za mtoto mchanga."

"Wa nani?"

"Wa atakayezaliwa," akasema, akafunika kikopo.

Ndiyo hivyo. Mabibi harusi wa Istaravshan walikuwa wanapata heshima yao kutoka kwenye tumbo la mbuzi, na wakwe zao walirusha peremende. Ningecheka mpaka leo kama isingekuwa habari ya Munzifa.

Munzifa ni binti wa Hikoyat, mjane anayeoka mikate ya harusi za mtaa wetu. Msichana yule hakuwahi kwenda Khujand wala kuumwa jino. Alikuwa na vinyweleo vyake vya kawaida, vyembamba, kama vya mtu yeyote. Hikoyat, kwa kuwa hakuwa na la kuficha, usiku wa kuamkia harusi alimpelekea Oyniso mikate ya moto tu, kama mtu anavyompelekea jirani. Atlasi hakupeleka. Asubuhi yake Oyniso alipitisha uzi shavuni mwa Munzifa, akauvuta, akauinua dirishani. Mtupu. Akaushikilia pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sioni kitu," akasema.

Wanawake wa upande wa bwana harusi walikunja vitambaa vyao, wakabeba sinia lao, wakaondoka bila kugusa chai. Hikoyat alibaki mlangoni na kapu la mikate ambayo hapakuwa na wa kuila. Munzifa hakuposwa tena. Baada ya muda alikwenda Khujand kwa ndugu wa mama yake, akajifunza kazi, na kazi aliyojifunza ni hiyohiyo ya leza. Watu wakasema, si mnaona, kumbe ndiko alikokuwa akienda. Mnamfukuza mtu kwa jambo asilolifanya, halafu mnashangaa akilifanya kuwa kazi yake.

Oyniso naye alikuwa na binti, jina lake Parvona, na huyo ndiye mtu pekee katika nyumba ile niliyempenda. Mpole, anacheka kwa macho, anamaliza kazi zote za nyumba kabla mama yake hajamaliza kulalamika. Tatizo ni kwamba Mungu alimwotesha ndevu. Sisemi vinyweleo vya kusifiwa. Ndevu nyeusi, ngumu, chini ya kidevu, na masharubu juu yake. Parvona alitembea ameshika ncha ya ushungi mbele ya mdomo mwaka mzima, jua au theluji. Iskandar, mtoto wa Barno wa ng'ambo ya mto, alimwona hivyohivyo na ushungi wake, akapenda macho, akatuma wazee. Parvona naye alimtaka. Alinishonea mto wakati ule, na kila mshono wake ulikuwa unacheka.

Jioni moja Oyniso alikuja kwangu kwa mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Jirani, meno yako bado mabovu?"

"Unajua kwamba ni mabovu."

"Twende Khujand, basi. Wewe una meno ya kweli. Watu wakituona na wewe hawatauliza."

"Na ule moto wa shetani?"

"Leza si uzi," akasema. "Nilichokataza mimi ni watu kudanganya."

Alilisema hilo bila kupepesa macho. Nilikubali kwa ajili ya Parvona, na pia, niseme kweli, kwa ajili ya kuona.

Tulipanda gari la abiria alfajiri, Parvona katikati, amejifunika mpaka puani. Kliniki ilikuwa ghorofani, safi, na sabuni inanukia. Mlango ulipofunguliwa, aliyesimama na koti jeupe alikuwa Munzifa. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake haukuwa na haraka yoyote.

Oyniso alirudi nyuma hatua moja. "Tumekosea mlango. Tunamtafuta daktari wa meno."

"Yuko chini, shangazi," Munzifa akasema. "Lakini wote wanaomtafuta huishia hapa kwangu. Karibuni. Mgonjwa ni nani?"

"Mwenye meno ni mimi," nikasema, "ila naweza kungoja." Nisingeacha kuliona hilo kwa maumivu ya jino lolote.

Parvona akashusha ushungi mwenyewe. Munzifa alimtazama, na nilichungulia nione kama atacheka. Hakucheka. Alimlaza, akamvalisha miwani myeusi, akamnyoa kidevu kwa wembe, akampaka kitu cha baridi, akashika kile kichwa cha mashine. Mwanga ulipiga na chumba kikanuka nywele zilizoungua. Parvona alinibana mkono.

"Inauma?" Munzifa akamuuliza.

"Kama mpira wa soksi ukivutwa na kuachiwa."

"Basi wewe ni jasiri. Wengine hunitukania mama."

Oyniso alikaa kwenye kiti cha kona akitazama kila kidole cha Munzifa. Hakuomba msamaha, wala hakusema neno kuhusu asubuhi ile. Aliuliza jambo moja tu, kama mashine inaweza kumwachia mtu kovu kwa makusudi. Munzifa akamjibu kwamba inaweza, na akaendelea na kazi.

Tulirudi mara kadhaa mpaka majani yakaanza kuanguka, maana kazi ile haiishi kwa siku moja. Ndevu zikapungua, zikaisha. Mara ya mwisho Munzifa alimgeuza Parvona upande wa dirisha, akamwita mama mtu.

"Shangazi, tazama. Nimechoma kidevu na juu ya mdomo, basi. Mashavu sijayagusa, kwa leza wala kwa wembe. Vinyweleo vyake vyote vipo. Viache hivihivi kwa ajili ya uzi wenu."

Kweli vilikuwepo. Mimi na macho yangu ya kuazima, yaani miwani, niliviona kwenye mwanga, vyembamba, vya dhahabu. Tulipofika kwenye ngazi Oyniso akanishika mkono.

"Umesikia maneno yake? Vile vimeungua mizizi. Siku ya harusi vitakuwa vimekwisha kuanguka vyote. Ndivyo alivyopanga."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Ungekuwa wewe, baada ya yale, ungemwachia mwanangu vinyweleo vyake?"

"Mimi ningemwachia. Wewe ndiye usingemwachia."

"Basi," akasema, kana kwamba nimemuunga mkono.

Kuna jambo ambalo alilijua na lilimnyima raha. Mama hafungui uso wa bintiye. Upande wa Barno ungeleta mfungua uso wao, bibi mmoja wa ng'ambo ya mto aitwaye Tutiniso, mtu asiyepokea atlasi. Oyniso alimpelekea hata hivyo, na ikarudishwa imekunjwa vilevile. Alirudi nayo akipita ukutani kwangu, akatukana kuku.

Asubuhi ya harusi ua wao ulijaa. Sufuria la pilau lilikuwa linachemka, wazee wa kiume wako upande wa barabarani, wanawake ndani. Hikoyat alileta mikate, kwa sababu hakuna mwingine wa kuileta, akakaa karibu na mlango na unga mikononi. Kabla ya duara kuanza, Oyniso aliomba abaki peke yake na binti, amsomee dua. Nani atamkatalia mama dua? Nilimwona akiingia na kile kikopo cha ugoro kimetuna mfukoni. Nilimwita kwa jina, akafunga mlango. Parvona alituambia baadaye kwamba alifumba macho, akahisi mama anampaka mafuta mashavuni kwa vidole, akadhani ni sehemu ya dua, na akaitikia amina.

Tutiniso alikaa, akasokota uzi, akaupitisha shavuni mara moja. Aliuinua dirishani. Uzi ulikuwa na vinyweleo vya kahawia, vimejikunja, virefu kama ukucha. Bibi yule akausogeza puani, akanusa, akaushusha.

"Nimefuga mbuzi tangu nina meno ya maziwa," akasema. "Hizi ni za mbuzi."

Mwanamke mmoja akacheka, kisha akajuta. Barno, mama wa bwana harusi, alikuwa ameshika bakuli la peremende. Akaliweka chini.

"Oyniso, hii ni nini?"

Parvona alijipangusa shavu kwa kiganja, akatazama kilichokuwa kwenye kiganja, akamtazama mama yake. Kisha akachukua kitambaa, akajifuta uso wote mpaka ukawa mwekundu, akamwambia Tutiniso, "Bibi, pitisha tena. Pitisha uzi mpya."

Tutiniso akapitisha uzi mpya, kwa kuwa ni mtu wa haki. Lakini Barno alikuwa amekwisha kusimama.

"Sina haja ya kuona," akasema. "Uso ulio na vya kwake haubandikwi vya mbuzi." Na huwezi kumlaumu, maana hata mimi ningesema hivyo. Wanawake wake wakaanza kukunja vitambaa. Nililiona tena lile sinia likinyanyuliwa, kama siku ya Munzifa, na safari hii Parvona ndiye aliyekaa kwenye godoro, mikono mapajani, akilitazama likienda.

Oyniso akaunyakua uzi wa pili mkononi mwa Tutiniso, akawafuata uani akiwa peku. Uzi ule ulikuwa umejaa. Vya dhahabu, vyembamba, vya mwanawe wa kumzaa, Munzifa alivyoviacha.

"Tazameni," alisema. "Wallahi ni vyake. Tazameni tu." Alimshika huyu bega, akamshika yule mkono. Kila mmoja aligeuza uso. Kwa miaka yote ile walikuwa wameamini uongo wake, na siku aliposema kweli hakuna aliyetaka hata kutupa jicho. Akafika kwa Hikoyat, aliyekuwa amesimama mlangoni na kapu.

"Dada Hikoyat, wewe watakusikiliza. Sema unaviona. Nakuomba."

Hikoyat aliutazama uzi kwa utulivu. Barno naye alisimama langoni, maana alitaka kusikia hilo.

"Mimi nitasema ninachokiona," Hikoyat akasema. "Kwanza wewe useme ulichokiona kwenye uzi wa binti yangu."

Ua mzima ulikuwa unasikiliza. Neno moja tu lilitakiwa. Kama angelisema, asingeitwa tena kwenye harusi yoyote. Kama angekaa kimya, Barno angetoka langoni na Parvona angebaki kwenye godoro lile maisha yake yote. Mimi nilidhani mama yeyote hapo hangoji hata kupumua. Oyniso alingoja. Nilimwona akiwatazama wanawake mmojammoja, wateja wake, akipima.

"Ni zamani," akasema mwishowe. "Sikumbuki vizuri."

Parvona alikuwa ametoka na kusimama nyuma yake, uso mwekundu, bila ushungi. Akauchukua uzi kwenye vidole vya mama yake.

"Munzifa alikuwa navyo, shangazi Hikoyat," akasema. "Mama aliupitisha uzi kwenye vidole, akavipangusa, ndipo akauinua. Alinisimulia mwenyewe usiku wa siku ileile tukila mikate yako. Alikuwa anacheka."

Hikoyat hakumtazama Oyniso kabisa. Alijipangusa unga kwenye nguo, akashika ncha ya uzi kwa vidole viwili, akageukia langoni.

"Barno, rudi ndani," akasema. "Naviona. Ni vya binti huyu."

Barno akarudi, kwa sababu pale uani hapakuwa na mtu mwenye sababu ndogo kuliko Hikoyat ya kuitetea nyumba ile. Peremende zikarushwa. Jioni Parvona alitolewa kwa matarumbeta, akawainamia wazee wote, akamwinamia Hikoyat, akamwinamia Tutiniso. Kwa mama yake aliinama pia, kama inavyotakiwa, lakini hakumpa mkono, na hajakanyaga tena ua ule.

Siku hizi watu wanatuma posa kwa Munzifa, wanawake walewale, na visinia vyao. Hikoyat huwapa chai, kisha huwafungulia lango watoke. Oyniso haitwi popote. Mbuzi bado anamchana, sasa soksi ni soksi kweli, na anazipitisha ukutani pale penye mti wa tufaha akiomba ninunue. Nilinunua jozi moja nipate amani. Zinawasha.